Bitiruti Zimeniadhiri Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo nimeadhirika. Tena hospitali, mchana kweupe, hapa hapa Sumbawanga.

Mke wangu Agripina amelazwa wodi ya wazazi. Kesho asubuhi anafanyiwa upasuaji, mtoto amekaa vibaya. Yeye ni kundi O, na daktari alishatuambia kwamba O anapokea damu ya O tu, na kwenye benki yao iliyobaki ni kidogo. Tutafute mtu. Shemeji zangu wawili wamepima, wote A. Nikabaki mimi. O safi! (Nilijipiga kifua wodi nzima ikasikia.)

Kumbe kuwa O haitoshi. Jumatatu nesi alinitoboa kidole akasema wingi wa damu yangu ni kumi na mbili, na wao wanataka kumi na mbili na nusu. Mimi! Fundi ujenzi, kilo tisini! Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Jirani akanishauri bitiruti. Basi leo alfajiri nimesaga, nikanywa jagi zima. Nikaona haitoshi, nikaongeza nusu. (Mtu mwenye hofu hapimi.)

Saa nne nikafika, mama mkwe akinisindikiza. Ametoka kijijini Mpui juzi kumuuguza binti yake. Mnajua heshima ya mkwe. Miaka sita ya ndoa, huyu mama sijawahi hata kukaa naye benchi moja. Akakaa kwenye benchi la wachangiaji damu, mimi nikaomba kwenda msalani kwanza.

Nikatazama chini. Nyekundu!

Nikawaza, hiyo damu kidogo niliyokuwa nayo ndiyo hiyo inaondoka, na Agripina atapewa nini? Nikatoka mbio, mkanda mkononi, suruali nimeishika kwa mkono mmoja.

"Nesi! Nakojoa damu! Nikingieni hata chupa, inaisha yote!"

Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge.

Nesi hata hakuinuka. "Kaka, leo umekula nini?"

"Sijala. Nimekunywa bitiruti tu."

"Kiasi gani?"

"Jagi." Nikapandisha suruali. "Na nusu."

Mungu wangu, kicheko kilichotoka pale! Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nesi akaniambia ile ni rangi tu ya bitiruti, niketi anipime. Nikaketi, nikatoa kidole.

Kumi na mbili. Ile ile! Nikalalamika kwa sauti kwamba mimi ni mtu wa kilo tisini.

"Kaka yangu," akasema, taratibu kabisa, "kuna homoni inatoka kwenye figo, ndiyo inayoamuru mifupa itengeneze chembe nyekundu za damu. Ni kazi ya wiki kadhaa. Huwezi kuiharakisha kwa jagi."

Hapo nilitaka kulia, sifichi. Wiki kadhaa, na upasuaji ni kesho! Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Na mimi nipime, mwanangu."

Mama mkwe! Kamama kafupi, kembamba, hakuna aliyewahi kufikiria kumpima. Nesi akamuuliza umri. Hamsini na nane. Akamtoboa kidole, akapima, akatazama mara mbili.

"Mama, una kumi na nne! Na kundi ni O."

"Ni uji wa ulezi," akajibu, huku anavua viatu.

"Kilo tisini, mpishe mama apande kitanda!" yule mzee wa kofia akapaza sauti. Nikampisha. Nikapewa kazi ya kushika mkoba. Chupa ilijaa upesi, mama anaongea na nesi habari za mahindi kana kwamba anasukwa nywele. Alipomaliza akanigeukia, kwa mara ya kwanza leo akanitazama usoni.

"Mkwe wangu, usiogope, damu imepatikana. Sasa nenda kafunge mkanda."

Kesho saa tatu Agripina anaingia chumba cha upasuaji. Akitoka salama na mtoto wetu, chekeni mpaka mbavu ziume, nitacheka nanyi. Ila kwa leo naombeni mnyamaze, bado natetemeka.