Kompyuta Mbili, Sauti Moja

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta imeanza kukohoa! Humo ndani kuna Linux, programu ya kuiendesha, aliyoiweka binti yangu kabla hajaenda ng'ambo kusomea uhandisi. (Mtaa huu nani mwingine kazaa kichwa kama kile?) Kila saa kumi alasiri kompyuta husema kwa sauti ya binti: "Mama, simama, nyoosha mgongo." Ikifa hii, na sauti imekwenda. Nimenunua mpya. Jirani yangu mshonaji kasema nimpe fundi ahamishe vilivyomo. Fundi! Mimi, mama wa mhandisi!

Jumanne, 4 Machi
Binti kanielekeza kwa simu namna ya kunakili diski nzima, Linux na vyote vilivyomo. Akasisitiza: ukimaliza, usiwashe zote mbili, zitakuwa watu wawili wenye kitambulisho kimoja. Nikasema sawa, mwanangu. Nimengoja saa sita. Sikukosea hata kidole!

Jumatano, 5 Machi
Mpya imeamka, ikanijua. Picha ileile. Barua niliyoiacha katikati, kishale cha kuandikia kinapepesa palepale. Nikamwita mshonaji aje aone. Ataona nini bila kulinganisha? Nikawasha zote. Saa kumi, sauti mbili kwa pamoja. Kisha ya zamani ikarudia peke yake. Polepole. Mshonaji akasema shoga, humu ndani mna mtu. Akatoka bila viatu. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Ya zamani imeanza kunitisha. Nikamwomba binti aingie kwa mtandao kutoka huko aliko, aifute. Sikumwambia kuwa na mpya inawaka. Jina moja, mlango mmoja: kaingia kwenye mpya, kafuta kila kitu! Amelia. Imebaki ya zamani tu, na kikohozi chake.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi kikohozi kikakata. Kioo cheusi. Nimebonyeza, nimebembeleza, nimeizaba kofi. Wapi! Nikachomoa waya, nikakaa mbele yake kama mfiwa. Saa kumi: "Mama, simama, nyoosha mgongo."
Nikasimama. Nikanyoosha.
Nikampigia binti. Kasema haiwezekani, diski imekufa. Nikamwambia basi aliyesema ni wewe, sauti ni yako. Kisha akaniuliza, taratibu, mama, umekaa na nani?

Jumamosi, 8 Machi
Nimeelewa! Sauti haina kosa, inataka mwili mzima. Ile mpya tangu ifutwe haiwaki, lakini mshonaji ana kompyuta safi dukani kwake. Kaenda arusini, na funguo huniachia mimi. Ya zamani nimeitia kapuni, diski yake ndani. Nitaiunga na yake, nihamishe, kisha niwashe zote mbili nilinganishe.
Binti nitamwambia nikishamaliza.