Matundu Matatu ya Kisanduku cha Samaki

Jumanne, 9 Juni 1998

Habari mbaya. Boti ya doria imefika Mbamba Bay. Mpya, nyeupe, injini mbili! Mkurugenzi katangaza kwenye kikao cha asubuhi huku uso umemchanua kama baba wa bibi harusi. Anatafuta afisa wa kuhamia huko na kuiongoza. Macho yake yakaanza kuzunguka meza. Nikaangusha kalamu. Nikainama kuitafuta mpaka kikao kilipohamia kwenye mbolea.

Ofisi ya uvuvi ya wilaya ina maafisa wawili tu, mimi na dada Sekela. Sekela kazaliwa Matema, ufukweni kabisa. Anaogelea kama samaki mbasa. Mimi Meshack ni Mgogo wa Mpwapwa. Kwetu maji hukaa mtungini, na chini unapaona. Chuoni niliomba mifugo, wakaniandika uvuvi. Nilipolalamika wakaniambia samaki nao hufugwa. Tangu hapo nalinda ziwa nikiwa hapa Mbinga, mlimani, kwenye kahawa na baridi. Hakuna anayejua kwamba sijawahi kukanyaga boti.

Usingizi hauji. Nikifumba macho, kitanda kinayumba.

Jumatano, 10 Juni

Nimepata njia!

Kuna Mzungu mmoja aliyekuwa akinunua samaki wa mapambo kule ziwani, wale wadogo wa kwenye mawe, wa bluu na wa njano, anawapeleka Ulaya wakakae sebuleni. Biashara imemshinda. Anaacha kila kitu. Ana tangi la kioo lenye mwamba ndani yake na samaki kumi na kitu. Pia ana kisanduku cha umeme kinacholitunza tangi chenyewe, bila mkono wa mtu.

Siku hizi Mkurugenzi hana wimbo mwingine ila wawekezaji. Basi nimemwambia kwamba nyumbani kwangu naanzisha maonyesho ya samaki wa mapambo. Akarukia! Kuna wawekezaji wawili wanakuja kutazama kahawa, atawaleta kwangu Jumamosi ya tarehe ishirini. Nani atamtoa mtaalamu wa namna hiyo mjini amtupe kwenye boti?

Sekela kaniuliza samaki wa ziwani watakaaje na baridi ya Mbinga. Wivu.

Ijumaa, 12 Juni

Tangi limefika. Limekaa chumbani kwangu, maana sebule sina. Mama Emerensiana, mwenye nyumba, kalizunguka mara mbili. Nikamwambia shikamoo, mama. Akaitikia marahaba mwanangu, halafu akauliza kama hawa ni wa kukaanga au wa mchuzi.

Chumba cha pili ndicho stoo yake. Humo mna kahawa yake yote ya mwaka huu, magunia yamepangwa hadi karibu na dari. Zamani kilikuwepo chama cha ushirika tu, unapeleka basi. Sasa wanunuzi binafsi wanapita na magari, kila mmoja na bei yake, naye kaapa hatauza mpaka aliye na bei ya maana ajitokeze. Ada za wajukuu zimo humo. Bati la nyumba limo humo.

Umeme nimepata. Raimundi wa mashine ya kukoboa kahawa, jirani yetu, kaniruhusu nivute waya. Msimu huu jenereta yake hainyamazi.

Sasa kisanduku. Kina matundu matatu tu ya kupachikia vifaa, na vifaa alivyoniachia Mzungu ni vitano: hita ya kupasha maji joto, king'ora kinacholia sakafu ikilowa, kifaa cha kulisha samaki, pampu ya kuongeza maji yakipungua, na taa inayowaka kama mwezi. Lazima nichague.

Nimechagua king'ora kwanza. Maji yote yale na kitanda changu chumba kimoja! Kioo kikipasuka nimelala? Cha pili, kifaa cha kulisha, maana nimechungulia kwa karibu na nimeona kwamba samaki hawa wana meno. Cha tatu, taa ya mwezi, kwa ajili ya wawekezaji.

Jumapili, 14 Juni

Samaki wamelala chini, wameinama upande mmoja kama walevi. Baridi. Sekela asijue!

Baada ya misa nikampelekea Mzee Xaveri kitabu cha maelekezo. Kimeandikwa Kijerumani, naye aliwahi kuwa seremala wa mapadre Wajerumani. Kasoma ukurasa mzima kwa sauti, taratibu, kidole kwenye mstari. Kisha akaniambia panasemwa habari ya maji, na umeme, na neno "kamwe".

Nikamuuliza, kamwe nini?

Akasema hapo hajui. Yeye anajua ya mbao na ya sala. Ila hilo "kamwe" limeandikwa kwa herufi kubwa, na mbele yake kuna fuvu la kichwa.

Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara, mbali na mitaro ya maji.

Jumatatu, 15 Juni

Nimechomoa kifaa cha kulisha, nimepachika hita. Samaki wameamka! Sasa nawalisha kwa mwiko wa ugali, nimesimama mbali.

Saa nne asubuhi, nikiwa ofisini, Mama Emerensiana kapiga deki chumbani kwangu kwa wema wake. King'ora kikalia. Mtaa mzima ukadhani ni wezi wa kahawa. Nilipofika nikakuta wanaume wenye majembe wamezingira nyumba, na mama kasimama mlangoni na ufagio. Nikaeleza. Hakuna aliyecheka. Kaniambia, kwa upole ulionitisha kuliko kelele, kwamba yeye ni mjane, kwamba kahawa ile ndiyo mume wake sasa, na kwamba nikileta balaa ndani ya nyumba hii, nilitoe mimi mwenyewe.

Nimeapa.

Jumatano, 17 Juni

Hita inakausha maji. Tangi limepungua hadi nusu ya mwamba. Pampu inahitajika, na tundu hakuna.

Sekela kaja kuona. Kazunguka, kachungulia, kakaa kwenye kigoda. Akasema nitoe taa ya mwezi, niache king'ora, maana pampu bila king'ora ni hatari. Halafu akasema jambo la ajabu.

"Kaka Meshack, mwambie Mkurugenzi unaogopa maji. Mimi boti naitaka. Niende mimi, ubaki wewe, sote tulale usingizi."

Nimeshtuka! Kajuaje? Nikacheka kwa nguvu. Nikamwambia mimi na maji ni ndugu. Akanitazama sana, akaaga.

Nimefikiri jioni yote. Mpinzani hatoi ushauri bure. Akisema toa taa, maana yake taa ndiyo itakayoniokoa. Nimechomoa king'ora. Taa imebaki, hita imebaki, pampu imeingia, na mpira wake nimeuvuta mpaka kwenye tangi kubwa la bati la mama, lile la maji ya mvua. Limejaa pomoni.

Alhamisi, 18 Juni

Kila kitu kinafanya kazi. Pampu ina kiboya kinachoelea tangini; kikishuka, inaongeza maji. Kikipanda, inanyamaza. Samaki wanaogelea kama wako kwao. Mwezi unawaka bluu. Nimekaa nautazama, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kile nimekula nikashiba.

Hata hivyo naamka amka. Kimya nacho kinatisha.

Jumamosi, 20 Juni

Yamenikuta.

Asubuhi niliona mwamba umekaa upweke. Nikaongeza jiwe moja zuri juu yake. Nikaenda kunyoa. Kumbe jiwe limekikandamiza kiboya. Kisanduku kikadhani maji yamepungua, pampu ikaanza kuvuta, na haikuwa na sababu ya kuacha.

Nilirudi chumbani, nikafunga mlango nyuma yangu, nikakaa kitandani kuvaa soksi, usingizi ukanipitia. Nikaweka mguu chini. Chwa!

Maji chumba kizima. Yanamwagika juu ya kioo kama shuka. Na waya wa Raimundi, niliouunga katikati kwa utepe wa gundi, ulikuwa unaning'inia juu ya maji kiasi cha kiganja. Kamwe! Ndiyo hiyo kamwe! Nikaruka juu ya kitanda. Nikashika paa. Nikayaona maji yanapita chini ya mlango wa stoo, taratibu, kama mtu anayejua aendako.

Nikamsikia Sekela nje, kawahi kabla ya wageni, ameona maji yakitoka kizingitini. Akapiga kelele mara moja tu, kisha nikasikia miguu yake ikikimbilia kwa Raimundi. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Mwezi ukazimika. Pampu ikafa.

Bado sikushuka. Maji bado ni maji.

Ndipo nikasikia stoo ikifunguliwa, na sauti ya Mama Emerensiana, "Kahawa yangu! Jamani, kahawa yangu!" Kisha mguno wa mtu anayeinua kitu kinachomzidi. Mama wa umri ule! Peke yake!

Sijui nilishukaje. Najua nilikuwa nalia. Maji yalinifika vifundoni, ya uvuguvugu, na kila hatua niliona sakafu inafunguka. Nikafika stoo, nikamwondoa mama kwenye gunia, nikalibeba mimi. Nikatoka nalo juani, nikarudi. Nikatoka, nikarudi. Sekela akaja akashika upande wa pili, tukawa wawili. Ni safu ya chini tu iliyolowa. Njiani nikakanyaga kitu kikaruka. Samaki! Nikamwokota kwa mkono mtupu, na meno yake yote, nikamtia kwenye ndoo.

Nilipoinuka, Mkurugenzi alikuwa mlangoni, na wageni wawili wenye suti.

Nikajua nimekwisha.

Mkurugenzi akatazama suruali yangu iliyolowa, gunia begani, samaki ndooni. Akawageukia wageni. Akasema, "Mnaona? Afisa wangu haogopi maji." Mgeni mmoja akapiga makofi! Mkurugenzi akanishika bega na kusema boti imepata mwenyewe.

Sekela alikuwa ananitazama, nywele zimelowa. Alikuwa anasubiri. Nikafungua kinywa. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi.

Nikasema, "Ni kawaida yetu, Mheshimiwa."

Jumapili, 21 Juni

Siku nzima nageuza kahawa ya mama kwenye mikeka. Kasema itapona, jua likiendelea. Mchana kaniletea ugali na maharage, akakaa karibu, akasema nilikuja kumtoa huku nalia kama mtoto na hatasahau. Nikamwomba asimwambie mtu habari ya kulia. Sekela kachukua ndoo ya samaki, kawarudisha ziwani kwa gari la asubuhi. Karudi jioni, kasema wameingia kwenye mawe yao bila kugeuka nyuma.

Ijumaa, 3 Julai. Mbamba Bay

Nimekwenda doria ya kwanza. Nilikaa katikati ya boti, nimekumbatia pipa la mafuta. Ufukwe ukawa mdogo, kisha ukawa hakuna. Upepo ulipoanza nilitapika yote. Nikawaambia wenzangu ni malaria. Wakanionea huruma, wakageuza.

Sekela kashuka kutoka Mbinga leo. Kanikuta nimekaa mchangani, nimeshika mchanga kwa mikono yote miwili. Kaniambia Mkurugenzi anafika Jumatatu, sentensi moja inatosha, yeye yuko tayari hata kusimama pembeni yangu nikiisema. Nikamshukuru kwa moyo wake. Nikakataa.

Maana nimepata njia! Kuna Mzungu kijiji cha pili, alikuwa anapima upepo, mradi wake umefungwa, anafungasha. Anaacha mtambo unaopima upepo wenyewe na kupandisha bendera nyekundu wenyewe. Bendera ikipanda, boti haitoki, kwa sheria. Mtambo una matundu mawili tu, na vifaa vya kupachika ni tisa, lakini nimeshaanza kuchagua.

Kesho alfajiri nakwenda kuuchukua. Kwa miguu, njia ya mlimani. Ya ziwani ni fupi, lakini mimi si mjinga.