Kuta za Bibi Kashindye

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Kisesa. Jua la kupasua kichwa. Redioni wanasema mvua za mwaka huu zitakuwa za kutisha.

Leo mkutano wa kijiji. Halmashauri na kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kule Mwanza wameingia ubia wa kusaidia familia zenye shida. Halmashauri inatoa fundi na mbao. Kiwanda kinatoa mabati na mlango. Sisi tunatoa matofali na jasho. Nyumba ya kwanza ni ya Bibi Kashindye, anayelea wajukuu yatima kwenye kibanda kilichoinama kama mlevi. Meneja wa kiwanda anakuja Jumamosi. Akikuta nyumba imesimama, mabati yanashushwa. Asipoikuta, gari linageuza, mabati yanakwenda kijiji kingine, na Bibi ananyeshewa.

Nikajitokeza kuwa mwenyekiti wa wanaojitolea. Mimi, Obedi Masalu, karani wa pamba hadi soko huria lilipokuja kutupunguza kazini! Wakamchagua Suzana Malimi. Muuza mapanki! Mwanamke wa kukaanga mifupa ya sangara barabarani! Mimi wakanipa usimamizi wa ujenzi. Haya. Nasikia kiwanda kinatafuta mtunza stoo. Meneja lazima anione.

Jumanne, 7 Oktoba

Aibu. Nilipiga filimbi alfajiri kuita watu. Akaja mbuzi.

Suzana hakupiga chochote. Alipita mlango kwa mlango akiwauliza watu habari za wagonjwa wao. Saa mbili uwanja umejaa, akina mama na matofali vichwani wakiimba. Hata mwalimu mkuu kavua viatu anakanyaga udongo! Nikakiri moyoni kwamba yule mama ana kitu. Nje sikukiri.

Tatizo: wengi ni wa kubeba, wajenzi wachache. Fundi wa halmashauri kaweka msingi, kisha kaenda Magu kufuata mbao. Kaniachia kamba na maneno: mlango usisahauliwe.

Usiku nikapata wazo. Wazo kubwa! Rose, mke wangu, aliposikia nacheka peke yangu akaniuliza nani ataumia safari hii.

Jumatano, 8 Oktoba

Wazo lenyewe. Msukuma hulimi naye kwa kumbembeleza. Unamletea ngoma na mshindani. Hapa Kisesa kuna Wagika na kuna Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyotambiana tangu enzi za mababu. Nikaviita vyote viwili. Wagika kuta mbili, Wagalu kuta mbili. Tuone wanaume!

Viongozi wote wawili wakauliza jambo moja: mlango uko upande wa nani? Maana mlango ni pengo, na mwenye pengo kajenga pungufu. Atachekwa hadi kaburini. Nikamvuta kiongozi wa Wagika pembeni, nikamwahidi kwamba mlango uko kwa Wagalu. Nikamvuta wa Wagalu, nikamwahidi kwamba uko kwa Wagika. Wote wakaondoka wanatabasamu. Huo ndio uongozi! Hayo mengine nitayapanga baadaye.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijaandika jana. Nilikuwa nimeduwaa tu.

Sijawahi kuona kitu kama hiki. Ngoma hazinyamazi. Tofali linarushwa, linadakwa, linakaa mahali pake, na mrushaji kasharudi kucheza. Wagika wakipandisha mstari, Wagalu wanapandisha na kutoa tusi la kuimba. Suzana kahamisha karai lake la mapanki hapa, analisha vyama vyote bila kupendelea. Anayekosana na mwenzake anapewa kichwa cha sangara wakile pamoja, sahani moja. Wanapatana. Bibi Kashindye kakaa kivulini analia na kucheka, anawaita wote wanawe.

Nami machozi yalinitoka. Nikasema ni vumbi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Afadhali ningebaki kitandani.

Asubuhi kuta zimefika juu kabisa, zimebaki tofali za mwisho. Nikaona nichore jina langu ukutani kwa ndani, kwenye udongo mbichi, meneja akiingia alisome: O. MASALU, MSIMAMIZI. Nikapanda ngazi, nikarukia ndani. Sikujiuliza kwa nini nimepitia juu.

Nikachora vizuri. Nikageuka kutoka. Nitokee wapi? Ukuta. Ukuta. Ukuta. Ukuta! Mama yangu! Vidirisha viko juu, havipitishi hata bega. Ngazi nayo Wagalu wameshaichukua. Nikapiga kelele. Ngoma zikanimeza.

Mara ngoma kimya. Wageni! Nikasikia meneja akisifia kazi, kisha akiuliza wanaingilia wapi. Nikasikia nyayo zikizunguka nyumba. Bwana mmoja wa halmashauri akasema mkataba unataka nyumba, na hili ni boksi. Nikasikia Bibi Kashindye akiuliza kwa sauti ndogo kama gari linaondoka. Hapo moyo ukanipasuka kweli. Nikalia kwa sauti: msiondoke!

Meneja akauliza nani yuko ndani. Suzana akamjibu bila kusita kwamba ni msimamizi wetu, kaapa hatoki mpaka Bibi apate bati. Watu wakaangua kicheko, meneja akiwa wa kwanza. Yule mama! Angeweza kunimaliza pale pale.

Lakini nani abomoe ukuta wake? Wagika wakakunja mikono. Wagalu wakakunja mikono. Kila mmoja akasema aliahidiwa na Obedi. Suzana akapaza sauti kwamba kujenga kila mtu anaweza, ila kutoboa mlango bila kuangusha ukuta ni kazi ya wanaume kweli, na hapa hajui kama wapo.

Hakumaliza. Sululu zikaanza huku na huku! Nikajikunyata katikati, matofali yanapita masikioni. Nilitolewa mweupe kwa vumbi, Wagika wamenishika mkono huu, Wagalu mkono ule, kila upande unanivutia kwenye mlango wake.

Milango miwili. Meneja akacheka hadi akakaa chini. Akasema amezoea watu wanaouliza watalipwa nini, hawa wamegombania kufanya bure. Mabati yakashushwa, na mlango wa pili ataagiza. Bibi Kashindye akasema mmoja ni wa wajukuu, mmoja wa wageni, na leo wote ni wageni wake.

Utunzaji wa stoo akapewa Suzana. Akakataa! Alisema ana familia nyingine saba za kujengewa. Akanitaja mimi. Meneja akaniangalia, akasema watafikiria.

Jumapili, 19 Oktoba

Fundi alirudi na mbao, juzi kamaliza kupaua. Usiku wa kuamkia leo, mvua. Mvua ya kweli! Nikakimbia kwa Bibi Kashindye na mwavuli. Wajukuu wamelala chali, wakavu, bati linapiga kelele hatusikilizani. Bibi akanishika mkono tu. Nilirudi nikiwa nimelowa na nina furaha kama mtoto.

Rose ananitaka nimwombe Suzana msamaha. Nitamwomba, ila kwanza kazi. Watu wa Mkolani nao wameingizwa kwenye ubia, wanaijengea familia ya mjane mmoja, nimejitolea kusimamia, na meneja anakuja Jumamosi. Huko hakuna Wagika wala Wagalu. Kuna kwaya mbili tu, hazipatani kabisa. Nimewatembelea leo baada ya ibada. Viongozi wote wawili wameniuliza nani ataimba kwanza mbele ya meneja.

Nimewavuta pembeni mmoja mmoja. Wote wameondoka wanatabasamu.