Prosesa Asiye na Subira

Jumatatu, 11 Januari 1999

Mke wangu Johari bado yuko Kiembeni kwa mamake. Kisa ni wokmeni yake ya kusikilizia kaseti, ile aliyoletewa na kaka yake Idarus kutoka Maskati. Niliifungua kidogo tu. Nilitaka kumwonyesha Ngowa, jirani wa kibanda changu cha ufundi hapa Mikindani, kwamba ndani mna prosesa, yaani ubongo. Na kweli umo! Ubishi nilishinda, ila tangu siku hiyo bibi wa taarabu anaimba kama mzee mwenye mafua. Johari hakugomba. Alitia wokmeni mkobani, akavaa buibui, akasema anakwenda kumsaidia mamake kufunga Ramadhani. Mamake amekuwa akifunga tangu sisi hatujazaliwa.

Lazima arudi kabla ya Idi. Siwezi kula pilau ya Idi peke yangu. Kwanza sijui kuipika.

Jumanne, 12 Januari

Kiembeni, kuomba radhi. Nilimkuta mama mkwe, Bi Tumu, amekaa uani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama nimekonda au ni macho yake. Ni yote mawili. Mtoto wa jicho amemzidi, saa ya ukutani haioni tena. Na adhana ya magharibi humezwa na kinu cha unga cha jirani. Johari alinieleza haya akiwa anautazama ukuta. Akimwambia mamake jua limekuchwa, mamake hakubali. Husema Johari ni mwanawe, anamhurumia, ushahidi wake haufai. Kwa hiyo hungoja mpaka giza liwe totoro ndipo aguse tende. Johari naye hungoja naye.

Moyo uliniuma, kisha ukachangamka. Nitamtengenezea Bi Tumu kidude cha kuadhini. Johari atarudi nyumbani akiimba.

Jumatano, 13 Januari

Ninayo saa ya adhana ya umbo la msikiti. Sauti nzima, ubongo umeungua. Ninayo gemu ya matofali, ile ya kupanga vipande vinavyoanguka. Kioo kimepasuka, ubongo mzima. Nitawaozesha.

Ngowa anasema haiwezekani. Kwa imani yake prosesa ni kama watu, kila mmoja na malezi yake. Wa muziki ni wa muziki, wa hesabu ni wa hesabu, na wa gemu hajui ibada. Mimi nasema wote ni ndugu, wametoka kiwanda kimoja, wanatofautiana nguo tu. Nikamwambia ipo siku kidude cha ukubwa wa kiberiti kitapiga muziki bila kaseti, kitahesabu, kitaadhini na kupiga simu juu yake. Akaniuliza nimekula nini daku. Mtu huyu anauza betri na miwani, atajua nini. Lakini niandike haki yake: si Muislamu, na mwezi huu chai yake anainywa nyuma ya kibanda, nisimwone.

Ijumaa, 15 Januari

Fahari, kisha aibu.

Jana kidude kiliadhini sawasawa na msikiti wetu. Leo nikakipeleka. Kinaenea kwenye pindo la leso. Johari alikishika, akanitazama usoni, akanitandikia mkeka. Viazi vya karai, mkate wa kumimina, uji wa pilipili manga. Kidude kikaadhini, sauti nzuri kabisa. Bi Tumu akashukuru Mungu, akala tende. Johari akala. Mimi nikala viazi viwili. Mwangaza ulikuwa bado uko mlangoni, ila nani anatazama mlango mbele ya viazi?

Halafu kinu kikazimwa, na adhana ya msikitini ndiyo kwanza ikaanza.

Sasa nafahamu. Gemu ya matofali kadiri unavyoshinda ndivyo inavyozidi mbio. Jana iliadhini vizuri, basi leo imejiona imepanda daraja.

Bi Tumu hakunifukuza. Alimaliza tende yake polepole, akasema siku imeharibika, sote watatu tutailipa, na tutailipa pamoja hapa hapa, Jumatatu baada ya Idi. Mkwe alete nazi. Johari aliondoa sahani, akakunja mkeka.

Jumanne, 19 Januari

Idi. Wali wa jana. Ngowa alikuja na kuku na chapati, akasema alikuwa anapita tu. Kwake ni upande wa pili kabisa. Machozi yalinitoka, nikamwambia ni kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Jumatatu, 25 Januari

Nilikwenda Kiembeni na nazi, bila bisibisi. Mikono haikujua ikae wapi.

Jioni Bi Tumu aliniita uani, akanishika mkono, akataka nimwambie jua liko wapi. Nikamkumbusha kwamba hapokei ushahidi wa mtu. Akasema wangu ataupokea, maana baada ya aibu ile hakuna mtu mwoga kama mimi Kiembeni nzima. Basi nikamsimulia. Limefika paa la kinu. Limebaki nusu. Limebaki ukingo. Limezama. Nikamwomba tungoje kidogo tena, akacheka mpaka akaegemea bega langu.

Johari akaja na tende. Ya kwanza akampa mamake. Ya pili akanitia mdomoni kwa mkono wake. Nampenda mwanamke huyu, naandika wazi. Akasema mkoba wake umefungwa tangu asubuhi.

Jumatano, 27 Januari

Nyumba inanukia udi. Wokmeni nayo imerudi, imetengenezwa na fundi wa Kiembeni. Fundi wa Kiembeni! Nimemwahidi Johari sitaigusa.

Lakini nimefikiri. Ngowa alikuwa na haki kidogo, na sitamwambia. Prosesa hulelewa. Wa gemu kalelewa mbio, hana subira. Wa Johari kalelewa na taarabu, hana haraka na lolote. Huyo ndiye wa kumwadhinia Bi Tumu Ramadhani ijayo.

Johari amekwenda sokoni Changamwe. Nimeigeuza wokmeni kifudifudi. Skrubu zote nne zimepakwa rangi ya kucha, nyekundu. Ukigusa tu inabanduka, naye atajua. Nimecheka peke yangu chumbani. Ananijua mke wangu, na amerudi hivyo hivyo.

Nimetoka mara moja hadi dukani kwa Nyevu. Nimenunua kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu ile ile.