Ngozi Mbichi Chini ya Landrova

Jumatatu, 8 Septemba 1986. Manyamanyama, Bunda.

Leo asubuhi namba za maili kwenye Landrova ya marehemu baba zimerudi sifuri. Sifuri tupu, zimejipanga kama watoto wa komunyo ya kwanza. Na si mara ya kwanza. Nilizima injini nikavua kofia. Gari limekwenda mbali mpaka limesahau lilikotoka!

Furaha haikufika mchana. Baba mdogo Keraryo aliitisha kikao cha ukoo sebuleni kwa mama. Mdogo wangu Silasi anaoa Jumamosi. Anamchukua Boke kutoka Butiama, na upande wa bibi harusi bado wanadai mitamba. Baba mdogo alisema mitamba wapo, wako kwa Luhende. Huyu ni jirani yetu, mwenye Toyota aliyoipitishia mpakani Sirari tangu biashara ilegezwe. Luhende yuko tayari kutoa mitamba, apewe Landrova. Niliuliza mtu mwenye Toyota anataka Landrova ya nini. Luhende, ambaye sijui nani alimwalika, alijibu kwamba anahitaji injini tu. Ya mashine ya kusaga mahindi.

Kusaga mahindi! Injini iliyopeleka pamba Mwanza na mapadre Bukima!

Nilisimama. Niliwakumbusha kwamba mimi ndiye mtoto wa kwanza, karani wa ghala la pamba, na kwamba sekondari fizikia nilifaulu. Baba mdogo alisema chuma hakijawahi kuzaa ndama. Watu wakacheka. Mama ndiye aliyeokoa jahazi. Alisema Landrova ipewe nafasi: Jumamosi imlete Boke kutoka Butiama mpaka hapa mlangoni, kwa nguvu zake yenyewe. Ikifika, inabaki kwangu. Ikishindwa, Luhende achukue. Wote walikubali. Luhende alikubali haraka mno.

Mpango wangu: kesho matairi, Jumatano usukani, Alhamisi springi. Ijumaa kupumzika na kupokea pongezi.

Jumanne, 9 Septemba.

Nimelala chini ya gari tangu asubuhi. Watu hawajui kilichopo kule chini! Ekseli, fito, vyuma vilivyoshikana mikono. Uzito wote ule umebebwa na bapa chache za springi, zimepinda kidogo tu, na hazisemi kitu. Nilinyamaza kama niko kanisani, mpaka oili iliponidondokea jichoni.

Matairi ni manne, ya nchi nne. La nyuma kushoto limeonyesha nyuzi. Nilikumbuka tairi la akiba. Miaka ile tairi jipya lilipatikana kwa kibali tu, kwa hiyo nililipeleka kwa Nyamhanga, mshona katambuga, viatu vya matairi, wa sokoni Bunda, alitie kiraka. Leo nimekwenda kulichukua. Nyamhanga aliniamkia bila kuinua uso. Akasema alinisubiri, akanisubiri, na miguu ya watu haisubirigi. Nikauliza, lote? Akasema ukingo upo.

Nilitoka nje nimekasirika. Halafu nikaona ardhi. Soko zima lilikuwa na alama za tairi langu! Zile zigizaga zake nazijua kama mwandiko wa mama. Zimeenda kwenye sato, zimeenda kanisani, nyingine zimepanda kilima kwa haraka, bila shaka mtu aliitwa na mkewe. Hasira ikaniisha. Tairi gani limewahi kwenda njia zote kwa mara moja?

Kwa aibu, Nyamhanga alilishonea lile bovu kipande cha tairi la lori kwa ndani, kwa uzi wa nyavu za samaki. Limevimba upande mmoja kama shavu lenye tonge. Upepo linashika.

Jumatano, 10 Septemba.

Musoma, kwa basi, kutafuta viungo vya usukani. Usukani wangu una tabia yake: unageuza, unasubiri, gari linafikiri, ndipo magurudumu yanapata habari.

Maduka ya Musoma sasa yana kila kitu. Sabuni imerundikwa mpaka darini! Nilikuta tairi jipya limesimamishwa mlangoni, bado lina vile vinywele vya mpira. Nilivigusa. Nikanusa. Nikazunguka upande wa pili nikanusa tena. Muuzaji, dada mmoja anaitwa Selestina, aliniuliza, "Kaka, unanunua au unaposa?" Nilimweleza kwamba nafanya uchunguzi. Akasema basi uchunguzi ufanyike bila mate. Viungo vya usukani hakuna, labda wiki ijayo.

Nimerudi na akili yangu mwenyewe. Kiungo kilicholegea ni nini? Ni nafasi. Dawa ya nafasi ni kuijaza. Nimekata vipande vya kopo la siagi nikavishindilia humo kwa nyundo. Matokeo ni ya ajabu! Gari linasikia mara moja. Upande wa kushoto. Kulia linahitaji watu wawili, lakini nimechunguza njia ya kutoka Butiama, na kona nyingi ni za kushoto.

Luhende aliegemea ua jioni akaniangalia. Akasema, "Karani, taratibu, usiichoshe injini yangu."

Injini yake!

Alhamisi, 11 Septemba.

Tatizo kubwa: springi ya mbele kushoto. Yubolti, ule mkono wa chuma unaoikumbatia springi na ekseli pamoja, umekatika. Bila huo, gurudumu linaweza kuamua kuishi kwake. Yubolti haipo Bunda, haipo Musoma.

Nilikaa kwenye kigoda cha babu nikiwaza. Ghafla nikatazama kigoda chenyewe! Kilipasuka kabla sijazaliwa. Babu alikifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ikakauka, ikabana, na mpaka leo baba mdogo na mwili wake wote anakikalia. Sisi watu wa ng'ombe tunayo yubolti miaka yote, tunaikalia!

Mbio kwa mchinjaji. Ngozi ya fahali, bado ina joto. Nimeikata mikanda mirefu, nimeizungusha springi na ekseli, Silasi akivuta huku ameziba pua. Silasi aliuliza kama sekondari walitufundisha hili. Nikamwambia fizikia ni moja. Tukaiacha juani.

Alasiri niliigonga. Ikalia kama ngoma! Ngumu kama mfupa! Niliendesha kwenda na kurudi njia ya ghalani, gari limetulia kama mtumbwi wakati wa shwari. Nilisimama katikati ya barabara, nikashuka, nikaipigia saluti. Mama aliniita nile. Sikuweza kula.

Ijumaa, 12 Septemba.

Mbwa!

Nimeamka nimekuta mikia chini ya Landrova. Mikia tu, vichwa viko kwenye springi. Mbwa wa Manyamanyama wote, hata yule kipofu wa katekista. Luhende alikuwa uani anapiga mswaki, anaonekana mwenye amani. Aliuliza kama mahari imeanza kuliwa. Nilikagua: wameng'ata juu juu tu. Nimepaka pilipili kichaa iliyopondwa ndani ya oili chafu. Mbwa wa kwanza alionja, akakaa chini, akatafakari maisha yake. Hawakurudi.

Mchana mvua kubwa ikanyesha bila kuombwa. Nimeikagua ngozi. Imelainika kidogo. Inanuka kidogo. Mama alisema sio kidogo. Kesho jua litaikausha njiani.

Jumapili, 14 Septemba.

Jana sikuandika.

Kwenda Butiama tulikwenda vizuri, ila Landrova ilikuwa inatembea ubavuubavu, mbele inatazama Musoma, mwili unakwenda Butiama. Tulipofika, shangazi wa Boke, Mama Robi, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya tarumbeta, aliuliza kama gari lina aibu, mbona halitutazami. Boke mwenyewe alicheka ndani ya shela. Niliwapandisha mbele wote wawili, Silasi na wajomba nyuma. Luhende alifuata na Toyota yake. Alisema anakuja kusaidia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefuata jeneza la tajiri.

Mpaka Nyamuswa sikuwa na lalamiko. Yale makorongo! Kila tuliporuka, nilisikia ngozi ikilia chini, nami nikasema asante. Mama Robi alisema Bwana Yesu. Kichwa chake kilikuwa kimegonga paa.

Nyamuswa ilikuwa siku ya mnada. Sikufikiria mnada. Mnada una mabucha, na mabucha yana mbwa wake, wakubwa, waliozoea. Na mvua ya Ijumaa ilikuwa imeosha pilipili yote. Walitusikia kwa pua kabla hatujafika. Nilipopunguza mwendo kupisha mbuzi, waliingia chini.

Nilitaka kukata kulia niwakimbie. Kulia hakukubali. Nikakata kushoto. Kushoto tena. Tulizunguka uwanja wa mnada, mbwa nyuma, vumbi juu, na watu wakadhani bibi harusi anaonyeshwa. Wanawake walipiga vigelegele! Wazee walivua kofia! Tukazunguka mara ya pili, vigelegele vikazidi. Boke alitoa mkono dirishani akapunga. Alikuwa mzuri sana, na Landrova ilikuwa nzuri sana, nikasahau kwa muda kwamba siwezi kusimama wala kutoka.

Halafu mlio, kama mtu amepasua shuka. Mbwa mmoja mwekundu alitokea mbele yetu anakimbia na mkanda mrefu wa ngozi. Yubolti yangu! Ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, kopo la siagi likatoka, fito ya usukani ikaanguka. Nikabaki nazungusha usukani kama mtu anayekoroga uji. Gurudumu moja linatazama Butiama, lingine linatazama ziwa.

Luhende alishuka taratibu, akafungua mlango wa Toyota, akasema, "Bibi harusi, karibu, huku hakuna harufu." Nilijua yamekwisha. Lakini Mama Robi alimzuia Boke kwa mkono. Akasema kwao mwali hashukagi njiani akapanda kwingine. Akibadilisha gari leo, kesho atabadilisha nini? Boke akasema yeye yuko hapo hapo. Silasi alilia kidogo, alidhani hatukumwona.

Mkulima mmoja alikuwa hapo na maksai zake za kulimia. Wajomba waliivuta ekseli mahali pake, wakaifunga kwa kamba. Halafu nikapata wazo. Nilichukua mnyororo wa jembe, nikaufunga kutoka kwenye nira mpaka kwenye fito nyingine, ile inayounganisha magurudumu ya mbele. Maksai wakikata kulia, magurudumu yanakata kulia. Wakikata kushoto, yanakata kushoto. Hakuna nafasi hata nywele! Usukani bora kuliko wote niliowahi kuushika, na sikuushika. Nilikaa nimekunja mikono, machozi yananitoka.

Kwa heshima ya baba, nikawasha injini. Haikuwa na kazi, lakini nilitaka ijulikane kwamba iko hai. Iliunguruma tamu njia nzima.

Tuliingia Manyamanyama jua likiwa bado lipo, maksai mbele, watu wa vijiji vyote nyuma, wanaimba. Mama Robi alikuwa amesimama kwenye kiti anapunga kitambaa. Alimwambia mama kwamba hajawahi kuona mwali aliyeonekana na watu wengi hivyo. Kwa gari la kasi nani angemwona?

Baba mdogo alitoka nje. Akatazama maksai. Akatazama Landrova. Akasema, "Nilitaka gari ilete ng'ombe. Naona ng'ombe wameleta gari." Nilijitetea kwamba injini ilikuwa inafanya kazi muda wote. Luhende, aliyekuwa ameinamisha sikio kwenye boneti, alisema ni kweli kabisa. Inafanya kazi safi. Ameisikiliza kutoka Nyamuswa.

Hapo niligundua kwamba nilipaswa kuizima.

Jumanne, 16 Septemba.

Mitamba wameenda Butiama jana. Leo Luhende amekuja na fundi na mnyororo, wameinua injini, wameitoa. Sikutazama. Nilitazama kidogo. Mama alinishika bega. Luhende hakutaka kingine. Alisema hayo makopo mengine ni yangu, Karani, na unga wa kwanza atatuletea bure. Silasi akaniuliza, kwa upole, gari lisilo na injini ni la nini.

Nilikuwa naangalia mbele ya Landrova.

Imeinuka! Uzito umetoka, springi zimepumua! Zimepinda vizuri, kama siku ya kwanza. Nikashika usukani, nikageuza. Mwepesi kama mfuniko wa sufuria! Kushoto. Kulia! Miaka yote tumekuwa tukilaumu viungo, kumbe kosa lilikuwa injini!

Mama Robi ameshatuma salamu. Ana mabinti wake wawili wa kuozwa, na anataka gari lile lile. Nimekwenda kwa Gati, mwenye maksai hapa Manyamanyama, tukakubaliana. Yubolti bado haijapatikana. Lakini nimetafakari suala la mbwa kwa utaratibu, hatua kwa hatua, nikaona mahali tulipokosea.

Tulitumia ng'ombe. Kesho najaribu ngozi ya kiboko.