Kireno Changu cha Siku Tatu

Jumatatu, 6 Machi 1972
Nimekwisha! Bwana Meneja amesema Alhamisi anakuja Mbrazili kununua chai. Hajui Kiingereza, anaongea Kireno tu. Halafu akaniangalia mimi. Kwenye barua ya kuomba kazi niliandika kwamba Kireno nakijua. Nani angefikiri Kireno kitafika Kericho? Kepher, karani mwenzangu, alicheka mpaka akaangusha kalamu. Nikishikwa narudi kuchuma majani, na nyumba yangu yenye taa ya stima inakuwa yake. Naogopa. Bilhah mke wangu ameuliza kama ni malaria.

Jumanne, 7 Machi
Nimesema naumwa jino, nikaenda mjini kwa Caetano, Mgoa anayeshona suti; kwao Goa walitawaliwa na Wareno. Amenipa maneno sita pamoja na Kiingereza chake. Bom dia, good morning. Como está, how are you. Kisha ya kuuliza habari za mke, za watoto, za mvua. La sita linaanza na Onde. Ni la kuuliza choo kiko wapi. Aibu gani hii! Nimeliweka mwisho. Kwetu Kisii mtu husalimu kwanza, akauliza mama watoto, watoto, mvua. Choo baadaye sana. Mbrazili naye amezaliwa na watu. Nitafuata orodha.

Alhamisi, 9 Machi
Sijui nianzie wapi.
Mgeni aliwekewa vikombe kumi na vinane vya kuonja. Waonjaji hutema kwenye ndoo. Yeye, kwa adabu, alimeza vyote. Meneja alipoingia, mgeni akasema Bom dia, nikatafsiri vizuri, Kepher akanuna. Como está, vizuri tena! Kisha mgeni akasema Onde.
Namba sita! Mtu mzima, tena na tai, aulize choo kabla ya kumuuliza mwenyeji habari za mkewe? Haiwezekani. Nikamwambia Meneja anauliza mama watoto. Meneja akafurahi, akaeleza mgongo wa mama unavyouma. Mgeni akarudia Onde, kwa nguvu. Nikasema sasa ni watoto. Meneja akatoa picha, zote nne. Mgeni akaanza kusimama mguu huu, mara mguu ule. Jasho likanitoka. Nikasema anauliza mvua.
Kepher, asiyejua hata neno moja, aliitazama ile miguu tu. Akamshika mgeni mkono, wakatoka mbio.

Ijumaa, 10 Machi
Kepher anahamia kwangu Jumapili. Mimi nimepewa kikapu cha kuchumia. Bilhah anafunga vyombo.
Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Ni la mgeni, hakusalimu kwa utaratibu. Hata hivyo nimeandika orodha upya, choo namba moja. Mwezi ujao anakuja Mjerumani. Nimeshamwandikia Meneja kwamba Kijerumani nakijua tangu utoto. Akifungua mdomo tu, namkimbiza chooni.