Sarafu Yenye Ukingo Mnene

Jumatatu, 4 Machi
Nimeokota utajiri! Ulinasa nyuma ya pipa la mashine ya kukaushia nguo, pale kwenye duka la dobi la shemeji, kaka wa mke wangu. Sarafu. Ukingo wake mnene kama mdomo wa chungu, maandishi yamebanana ndani. Kosa la kiwandani, na wakusanyaji wa sarafu huyagombania makosa kama haya. Mke alimpigia kaka yake magoti ndipo nikapewa kazi hii. Maskini, hajui ameolewa na nani.

Jumanne, 5 Machi
Nimeacha kazi, tena mbele ya wateja. Nimemwambia shemeji atafute punda mwingine wa kufua soksi za watu. Aliuliza kama dada yake anajua. Nikasema atajua akiona gari. Nikatoka kifua mbele, aproni ya duka bado shingoni.

Jumatano, 6 Machi
Aibu. Mama anayenunua sarafu aliipima yangu kwenye mizani, ikapungua. Akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Akasema ukingo umegongwagongwa mpaka ukajikunja, ukaanza kumeza herufi. Kosa la kiwandani, mwanangu, sarafu huzaliwa nalo. Hii yako imepatwa na makubwa ukubwani. Akauliza kama nafanya kazi kwenye mashine za kukaushia nguo. Nikasema mimi ni mfanyabiashara. Akaitazama aproni ya duka, ambayo leo tena nimeivaa kwa mazoea. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alhamisi, 7 Machi
Mke hakufoka. Angefoka, ningepata pa kujitetea. Alivaa viatu, akaenda kwa kaka yake, akarudi macho mekundu. Nimerudishwa kazini kwa mara ya mwisho kabisa, kwa sharti niombe radhi mbele ya wateja walewale. Nimeomba. Mteja mmoja, mwenye zile soksi, akasema hakusikia vizuri, nirudie. Nikarudia, masikio yanawaka moto. Nimeona haya kwa ajili ya mke wangu kuliko kwa ajili yangu. Sarafu na mimi, basi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimesafisha chujio la mashine. Kumbe kuna nyingine! Ukingo wa kawaida. Somo hilo nimelishika. Hii ina tundu dogo juu, la duara, safi kabisa, na ndani yake umebaki uzi mwekundu wenye fundo. Yaani kiwandani wamesahau hadi uzi wao. Hilo sasa ni kosa la kuzaliwa nalo. Mke anaimba jikoni, mara ya kwanza wiki hii. Acha aimbe. Jumatatu naacha kazi, ila safari hii nitamuaga shemeji kwa adabu.